Balozi wa Kihambani

Toronto, 12 Oktoba 2009

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya hapa mtaani kwetu, Jane na Finch, mwaka huu imewahi.

Uliuliza ninasoma nini miaka yote hii. Nasoma barua za balozi mmoja aliyekaa Urusi mwaka 1741. Mfalme alikuwa mtoto mchanga, mama yake akamshikia kiti. Basi kazi ya balozi ilikuwa kumwandikia bwana wake nani kakaa karibu na nani, nani kanuna, nani kanong'ona. Umbea mtupu, Mama, ila wa serikali.

Mwanao,
Thobias

Kibosho, 4 Januari 2010

Mwanangu Thobias,

Marahaba, baba. Mguu unauma vilevile, tumeshazoeana. Kumbe kazi hiyo hata mimi naiweza.

Sikia basi, maana haya sisemi kwenye simu, kuta zina masikio. Ulipoondoka, ukoo ulimpa baba yako mdogo Erick akushikie kihamba, nyumba na shamba la baba yako, mpaka urudi, kwa kuwa wewe kitindamimba ndiwe mrithi. Krismasi kachinja mbuzi, kidari cha mwenye nyumba kajikatia mwenyewe, tena kwenye kiti cha marehemu baba yako. Wazee wakatazama chini, wakala. Sikupenda. Naogopa nitafukuzwa uzeeni.

Mama yako

Toronto, 20 Februari 2010

Mama, shikamoo. Pole kwa mawazo.

Nimempigia baba mdogo, nikamuuliza wazi. Alilia, Mama, akaapa kwa kaburi la baba kwamba yeye ni mlinzi tu. Nimemwamini. Tumwache, nimalize sura ya mwisho ya tasnifu yangu.

Mwanao

Kibosho, 30 Agosti 2010

Mwanangu,

Hujambo? Nilinyamaza kwa hasira. Erick kang'oa mimea ya masale ya mpakani, kachimba msingi hadi karibu na kaburi la baba yako. Mimi kaniambia nihame kabla ya Krismasi.

Jana kaniletea jani la sale nikutumie, eti anakuomba msamaha. Mjanja huyo. Anajua sale halikataliwi, ukilipokea tu kesi imekwisha. Nimeliacha dirishani. Msamaha wa sale hauendi kwa posta, watu huonana macho kwa macho, wazee wakiwepo.

Niambie kitu kimoja. Yule mama wa mtoto mfalme, hakuna aliyemwonya?

Mama yako

Toronto, 15 Septemba 2010

Mama, shikamoo.

Alionywa. Akamwita mpinzani wake, akamuuliza wazi. Mpinzani akalia, akaapa, akaaminiwa. Muda si muda mama na mtoto wakatolewa kitandani usiku, mpinzani akakalia kiti. Hayo nimeyaandika mwenyewe, kurasa nzima, na bado nikapiga ile simu. Naona aibu.

Sura ya mwisho itangoja. Nimekata tiketi, nafika kabla ya Krismasi. Jani liache hapohapo. Kidari nitakata mimi mbele ya wazee, na kwenye kiti cha baba utakaa wewe. Nikirudi huku kumaliza masomo, wa kunishikia kihamba ni wewe.

Na siku ukiniandikia kwamba mtu ananong'ona, sitampigia simu huyo mtu.

Mwanao,
Thobias