Ule Mrija Niliouziba

Baba Kendi,

Nimeanza barua hii mara tatu, na kila mara najikuta nikikuuliza habari za hita. Mjane angemwandikia mumewe habari za mtoto, za kaburi, za kanisa. Mimi nataka kujua kwa nini maji yalikuwa yakidondoka.

Wacha nikueleze. Nikichanganya mambo utanisamehe, kichwa changu hakijakaa sawa tangu tukuzike.

Unajua mimi ni mtu wa Ishiara. Kwetu maji ya kuoga yalipata moto yenyewe, mtungi ukiachwa juani. Nilipoolewa hapa Kinoru, baridi ya Julai iliniliza bafuni, ndipo ukaniwekea hita, lile tangi jeupe juu ya mlango wa bafu. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi ulizima swichi kubwa, ukapanda ngazi, ukainua kishikio cha ile valvu ndogo ubavuni mwa tangi. Maji yalimwagika nje kwa mrija mwembamba. Nami nilikugombeza. "Unamwaga maji ya nini, na mfereji unakauka kila wiki?" Ukasema, "Njoo uone, Mama Kendi, nikuonyeshe." Nikasema kesho. Miaka tisa nilisema kesho.

Ulipoondoka hakuna aliyepanda ngazi. Miezi saba. Kisha ule mrija ukaanza kudondoka, baadaye ukawa unatiririka, ukuta ukaota kuvu. Nilimwita shemeji yangu Mutwiri, ndugu yako. Alitazama akiwa chini, mikono mfukoni. "Ni washa, ule mpira wa ndani, imekwisha," akasema. "Ziba tu." Nikachonga kijiti, nikakizungushia mpira wa tyubu, nikakigongelea ndani. Maji yakakoma. Nilijisifu, Baba Kendi. Nilijiambia, kumbe naweza.

Siku iliyofuata asubuhi Kendi aliingia kuoga. Nilikuwa jikoni nikichambua maharagwe. Nikasikia tangi linanguruma, ukuta wa jikoni ukitetemeka nao, na Kendi akaita, "Mama, mbona bomba linatoa mvuke?"

Niliacha maharagwe, nikakimbia. Wewe ungefanya nini kwanza? Ungefunga maji? Ungeng'oa kijiti? Sikujua lolote. Mkono wangu ulienda kwenye swichi kubwa kwa sababu ndipo nilipouona wako ukienda siku zote. Nikazima. Nikamvuta Kendi na taulo lake, povu masikioni, tukaenda kukaa kwa jirani mpaka mngurumo ukaisha.

Fundi Makena alikuja alasiri, tangi likiwa limepoa. Ni msichana mdogo, lakini mikono yake inajua kazi. Alimwaga maji ya tangi, akatoa makombo ya chokaa iliyoganda ndani, yakajaa beseni. Akanionyesha kile kifaa cha kukata stima maji yakishapata moto. Kilikuwa kimeungua, hivyo maji yaliendelea kuchemka tu. Akachomoa fimbo ya chuma inayowekwa ndani iliwe na kutu ili tangi lisiliwe. Ilibaki kama waya.

Kisha akakishika kijiti changu. Hakunifokea.

"Mama, valvu haikuwa imeharibika. Ilikuwa inatoa presha. Ukiiziba, presha itatafuta njia kwa paa, na nyinyi mko chini yake. Hii usiifunge tena."

Nikaketi chini, pale pale kwenye maji.

Kwa sababu siku ile ya mwisho hospitalini ulinishika kidole ukasema, "Usiifunge." Mara mbili. Nilidhani ni dirisha. Nililiacha wazi, nesi akaja kulifunga, nikagombana naye. Wewe na Kiswahili chako cha Meru, dirisha "i", mlango "i", kila kitu "i". Ningejuaje? Labda lilikuwa dirisha kweli. Labda ni valvu, kwamba unakata roho na bado unawaza maji yangu ya kuoga. Labda ilikuwa homa tu ikisema. Kendi ana jibu lake, Mutwiri ana lake. Siku nyingine nakukasirikia, kwa nini hukuniandikia hata karatasi moja. Siku nyingine najikasirikia mimi. Siku nyingi sijui nimkasirikie nani, naikasirikia ngazi.

Mutwiri alileta mkungu wa ndizi, akauweka mlangoni, akaondoka bila kuingia. Nadhani alikuwa anaomba msamaha. Au alikuwa na haraka.

Makena alirudi, akaweka kifaa kipya na fimbo mpya, kisha akatufundisha kuinua kile kishikio, mimi na Kendi, kwa zamu juu ya ngazi. Nilisimama upande usiofaa, maji yakanilowesha mpaka kiunoni. Kendi alicheka, nami nikacheka, kisha nikashtuka kwamba nimecheka.

Nakuahidi hivi: kila mwezi nitaijaribu valvu, kila mwaka tangi litafunguliwa lioshwe, na nisichokijua nitamuuliza anayejua kabla sijashika nyundo. Mengine siwezi kukuahidi. Sijui nitaelewa lini.

Tangu siku ile nimekuwa nikioga kwa beseni, kwa woga. Leo asubuhi niliwasha swichi mwenyewe, nikaketi hapa mezani kukuandikia huku nikisikiliza. Tangi limetulia. Lala salama, Baba Kendi. Maji yameshapata moto, naenda kuoga.

Mama Kendi