Maadui Watatu wa Baba

Jumamosi, Mwihoko. Manyunyu tangu asubuhi, baridi ya Julai, na nguo nilizofua juzi bado zinanuka unyevu. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Baba anaishi nami tangu apatwe na kiharusi mwaka jana. Mkono wa kulia ulilegea na maneno yakampotea. Anajua anachotaka kusema, unaona kabisa machoni, lakini mdomo unamletea "hii, hii, hii" tu. Daktari wa mazoezi kule Thika aliniambia nimtafutie kitu cha kushughulisha vidole, na kitu cha kumfanya aongee. Nikampa kontrola ya pili ya gemu yangu, nusu kwa mzaha.

Gemu yenyewe ni ya kupiga risasi, wachezaji wawili upande mmoja. Ukweli ni kwamba inachosha. Korido ile ile, milango ile ile, na maadui wa aina tatu tu wanaokuja makundi kwa makundi. Unarudia misheni moja mpaka ikutoke puani ili upate vyuma vya kuongezea bunduki nguvu, halafu unapewa bunduki ile ile, sasa ina rangi ya buluu. Nimelalamika mtandaoni kwa miezi. Tuleteeni maadui wapya, niliandika, hawa tumewachoka.

Mimi ndiye niliyechoka. Baba hakuchoka.

Wale wadogo wanaokimbia aliwaita panya. Mnene anayelipuka akikukaribia, mtungi. Na yule mrefu mwenye ngao, anayesimama mlangoni asikupishe, ni nyapara. Baba alichuma kahawa katika mashamba ya huku Ruiru ujana wake wote, na bado hajamsamehe nyapara aliyekuwa akikataa debe lake ati halijajaa. Neno hilo ndilo lililotangulia kumtoka, safi kabisa, kwa sauti ya zamani.

"Nyapara! Kushoto, wewe!"

Niliacha kupiga risasi nikamtazama. Tulikufa sote wawili pale pale, nami nalia kwa furaha.

Basi tukawa tunacheza kila jioni nikitoka kazini dukani. Yeye anaita, mimi napiga. Maneno mengine yakaanza kufuata pole pole: nyuma, ngoja, chai. Wiki hii aliniita kwa jina langu, nikajifanya sijashtuka.

Leo gemu ilikataa kufunguka hadi ipakue toleo jipya. Maadui wapya, wameandika, kama mlivyoomba.

Ni wazuri, siwezi kudanganya. Mmoja anatambaa darini. Mwingine ukimpiga anagawanyika kuwa wawili. Ila wale wetu wa zamani wameondolewa, na Baba hakuwa na jina la kuwaita hawa. Kitu kilishuka kutoka juu, akapaza sauti, "Nyapara!" Nikageukia mlangoni, kikaniangukia mgongoni. Tukaanza upya. "Nyapara!" tena, kwa kitu kingine kabisa. Kisha panya. Kisha hii, hii, hii. Akaiweka kontrola mapajani na kuifunika kwa mkono wake ulio mzima.

Nimetafuta namna ya kurudisha toleo la zamani. Hakuna. Wachezaji wenzangu mtandaoni wanashangilia, na wengine wananishukuru kwa kelele nilizopiga. Nimewaandikia wenye gemu watuachie hata nyapara peke yake. Niliposoma nilichoandika, hata mimi niliona ni upuzi.

Kesho nitawasha tena. Sijui kama atakubali kuketi.

Jioni nilimpelekea chai. Nilikishika kikombe mbele yake, kama daktari alivyonifundisha, nikamuuliza hiki ni nini. Alikitazama muda mrefu. Midomo ilikuwa inatafuta.

"Nyapara," akasema, taratibu.

Nikamwambia ndiyo, Baba. Kunywa kabla haijapoa.