Maji ya Miwa Niliyoyameza

Mirdif, Dubai
Jumatatu, mchana

Kaka Mwadime,

Desturi inataka nianze kwa kukujulia hali, basi nakujulia: hujambo? Wifi hajambo? Mama miguu yake inaendeleaje na baridi ya huko milimani? Mimi ni mzima. Mwili ndio mzima, maana moyo nimekaa nao vibaya tangu ile simu, na aliyeuweka hivyo ni wewe. Nimejaribu kuianza barua hii kwa upole, na kila mara naishia kuikunja na kuitupa. Hii siitupi. Italetwa na yule mama wa Voi anayekuja Naif kununua mashuka ya kuuza, na nimemwambia akukabidhi mkononi, si kuiacha dukani ikasomwa na kijiji kizima.

Madam amewapeleka watoto kwa bibi yao, nyumba imenyamaza, ila ndege tu zinapita juu ya paa zikienda kutua. Nimekaa chumbani kwangu nyuma ya jiko, karibu na mashine ya kufulia. Leo nina nafasi ya kukueleza yote.

Ulinipigia ukasema umesikia kwa watu kwamba mwanao Mghanga anaishi na mwanamume mwenzake kama mtu na mkewe, ukaniagiza niende nikamrudishe kwenye mstari. "Wewe ndiye shangazi yake na wewe ndiye uliye huko," ulisema. Nikaenda. Tena nilikwenda nimejifunga kibwebwe, usidhani nilikuwa upande wao. Ijumaa, siku yangu ya kupumzika, nikapanda basi mpaka Deira, nikaingia vichochoro vya Naif, nikapanda ngazi za jengo lao huku nimeshayapanga maneno kichwani.

Na maneno nilimpa. Alikaa kitandani akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Huyo mwenzake anaitwa Kato, ni Mganda, wote wawili ni walinzi kwenye maghala. Alisimama mlangoni na gilasi ya maji aliyoniletea, hajui anipe au asinipe. Nilipomaliza, Mghanga akasema, "Shangazi, sikukuita uje unihubirie. Lakini umekuja, basi nina ombi. Mimi na Kato tunataka kuahidiana mbele ya watu wetu wachache. Nataka mtu wa kwetu anitasie, anipulizie baraka kama wazee wetu. Na kama baba hataki, nakuomba wewe."

Nilimkatalia. Hilo lijue, kwa sababu najua huko unasema shangazi mtu ndiye aliyemharibu mtoto. Nilimwambia kutasa ni kazi ya baba, si kazi yangu, na kwamba kama ana ujasiri wa kuniomba mimi basi awe na ujasiri wa kukuomba wewe. Nikatoa simu yangu, nikakupigia hapo hapo, nikaiweka kwenye kipaza sauti ili sote watatu tukusikie. Nilidhani utasema jambo la kusikika.

Nilikwambia niko naye, sikukuficha. Nikakwambia mtoto ana ombi. Nawe ukasema, "Afadhali angefia huko huko Uarabuni, tukaletewa sanduku, tukazika, tukajua moja."

Mghanga akainamia simu akasema, "Baba, shikamoo." Ukakata.

Mwadime, nakuita kwa jina lako na mimi ni mdogo wako, na sikuombi radhi. Wewe sanduku unalijua? Unaliona kwenye mazishi tu, limeshapambwa maua. Sisi huku tunajua linakotoka. Yule msichana wa Kitui tuliyekuwa tukikaa naye benchi moja kanisani, aliyefanya kazi kwa watu wabaya, alirudi kwao ndani ya sanduku. Tulizunguka maofisini tukibembeleza karatasi za kumsafirisha, huku mama yake anapiga simu kila siku, hata kulia amechoka, anauliza tu, "Mmempata? Mmempata?" Mama yule angetoa macho yake yote mawili arudishiwe mtoto akiwa hai, awe anaishi na yeyote anayetaka. Nawe wako yuko hai, anafanya kazi, anakuamkia kwa heshima, unamtamania sanduku! Nilitaka kukupigia tena nikutukane, Kato akaninyang'anya simu.

Pale pale nikamwambia Mghanga, "Ijumaa ijayo nitakuja. Nitawatasia." Utasema nilikubali kwa hasira. Ndiyo, kwa hasira. Na hasira hiyo ndiyo iliyoniponza.

Sasa sikiliza ilivyokuwa, usije ukaambiwa na watu wanaotia chumvi. Huku jambo hilo ni jela, kisha unapandishwa ndege urudi kwenu. Kwa hiyo tulimwambia mlinzi wa jengo kwamba ni sikukuu ya kuzaliwa ya Kato, tukanunua keki, na muuzaji akaandika jina la Kato juu yake kwa sukari ya waridi. Mghanga akalalamika kuwa yeye hayumo kwenye keki yake mwenyewe. Wenzao wa chumbani walikuwa kazini, ila Mzee Shomari tu, mpishi kutoka Tanga. Yeye aliniita pembeni, akaniambia, "Mama, mimi dini yangu hainipi ruhusa kukaa humu, nisikufiche. Lakini shughuli ya watu haikosi chakula. Pilau nitawapikia, nikishaipua natoka, nakaa pale ngazini. Akija mtu nitakohoa." Mzee wa watu hakubaliani nao hata chembe, lakini alisimama jikoni na jasho linamtoka, akikaanga vitunguu vya mtoto ambaye si wake. Nilimtazama nikakukumbuka wewe, na hasira ikanipanda upya.

Aliyebaki ni Proscovia, binamu yake Kato, anatandika vitanda kwenye hoteli moja hapo Deira. Huo ndio ukoo wote uliohudhuria.

Nikawasimamisha kati ya vitanda, nikawaambia kila mmoja aseme lake. Najua utaniambia hiyo si ndoa. Sikusema ni ndoa ya kanisa wala ya serikali. Hapakuwa na cheti wala kasisi, palikuwa na mimi na kitenge changu kile cha Krismasi. Kato akasema, "Auntie, Kiswahili yangu ni kidogo. Mghanga akigonjeka, ni mimi nitamwangalia. Akikosa kazi, tutakula yangu. Nimemaliza." Mghanga akasema, "Na mimi sitakuficha kwa watu wangu." Umesikia? Angeweza kukudanganya. Wangapi huku wanawaandikia baba zao uongo wanalala usingizi? Yeye anataka ujue, kwa sababu wewe ni baba yake. Wakavishana pete, Proscovia akapiga kigelegele, tukamziba mdomo upesi.

Ikabaki kutasa. Huku pombe ya miwa ya wazee ningeitoa wapi? Nilishuka kwa Mhindi wa juisi nikamwambia anikamulie miwa mitupu, asitie ndimu wala tangawizi. Akatia vyote. Nikapanda nayo hivyo hivyo. Kwa kuwa Kato na Proscovia si watu wa kwetu, niliwaeleza: anayebariki hatakiwi kuwa na kinyongo moyoni. Anatia funda kinywani, analipuliza nje na hasira yake yote, anaitamka kwa jina, ndipo anaomba mema. Proscovia akauliza, "Na akificha?" Nikamwambia akificha, ile hasira humwandama anayebarikiwa, akaugua bila sababu.

Nikatia funda. Nikainua uso. Nikataka kupuliza, yakakataa kutoka. Nikayameza.

Kato hakujua maana yake. Mghanga alijua. Uso ulimshuka vile vile ulivyomshuka siku ya simu. Kato akaniuliza polepole, "Auntie, ni sisi?"

"Si ninyi," nikamwambia. "Ni kaka yangu."

"Basi mseme kwanza, shangazi," Mghanga akasema. "Usimwache ndani."

Nikaanza kukusema, kaka. Niliwasimulia jambo ambalo huenda umelisahau, maana umelala juu yake kama godoro miaka yote hii. Nilisema kwamba wewe ulipotaka kumwoa wifi, baba alikataa katakata. Baba mkwe wako na baba yetu walikuwa hawaamkiani kwa ajili ya ule mpaka wa shamba kule mtoni, na baba aliapa kuwa binti wa nyumba ile hataingia kwake hadi yeye mwenyewe afukiwe. Wewe ulifanya nini? Ulikwenda kulala kwa mjomba, ukaacha kula, ukasema utahamia Mombasa usirudi. Mimi ndiye niliyekaa kizingitini kwa baba. Nilikuwa msichana wa shule, nikakaa pale hata sahani ya kimanga ikawa inaletwa nakula papo hapo, kila akipita ananiruka, kila akirudi ananikuta. Mpaka akachoka na mimi. Akatoka na kibuyu chake, akasimama uani, akasema kwa sauti majirani wote wakasikia, "Simpendi mkwe huyu! Siupendi ukoo wake! Nina hasira hata sasa ninaposema!" Akapuliza. Kisha akasema, "Wazae, wale, walale salama."

Baba hakupenda, Mwadime. Baba hakupenda hata siku moja. Alitema tu, na kwa kutema kwake wewe una mke na una huyo Mghanga. Ulichopewa bila kustahili unamnyima mwanao, halafu jioni unasimama mbele ya wazee wa kanisa unaongoza sala! Nilikuwa nimefika hapo hapo, karibu nipate kupumua, Mzee Shomari akakohoa.

Tukaanza kuimba wimbo wa sikukuu ya kuzaliwa kama wendawazimu. Mlinzi wa jengo akaingiza kichwa, akauliza kwa Kiarabu cha kuokoteza kuna kelele gani. Proscovia akamkabidhi kipande cha keki. Tulidhani atakichukua aende zake. Wapi! Alinusa pilau ya Mzee Shomari, akavua viatu, akakaa. Akala sahani, akaongezwa, akatuonyesha picha za binti zake, akamwombea Kato umri mrefu. Bwana harusi mmoja yuko huku, mwingine kule, wanatazamana juu ya kichwa cha mlinzi, na pete wamezivua wamezitia mifukoni. Sikuthubutu kuendelea. Saa ya kurudi kwa madam ikanifikia mlinzi bado anatafuna, nikaondoka.

Kwa hiyo ahadi wameitoa, kutasa hakujafanyika. Mghanga ananipigia ananiambia, "Taratibu, shangazi, hakuna haraka." Lakini akikohoa kidogo tu kwenye simu mimi nashtuka, nalala nikijiuliza kama ni vumbi la maghala au ni sisi, mimi na wewe. Unaelewa sasa kwa nini nimekasirika hivi? Umemtamkia mwanao kifo kwa kinywa chako, kisha umenitia mimi hasira iliyonizuia kumwombea uzima. Umemfungia milango yote miwili.

Sikuombi uwapende. Sikuombi umwite Kato mkwe, wala umtaje kanisani. Nakuomba ufanye alichofanya baba, na aliyekufanyia ni mtu mkali kuliko wewe.

Msalimie wifi, umsomee barua hii au umpe aisome mwenyewe, usimkatie vipande. Mwambie mwanawe bado hali samaki, na kwamba anamwulizia kila anaponipigia. Msalimie mama, mwambie mjukuu wake ni mzima, hata kama hutaki kutaja jina. Mjomba Nyambu aliyekuficha kwake wakati ule umpe mkono wangu, naye umuulize kama nimesema uongo. Shemeji wa mashine ya kusaga naye nisalimie.

Kabla ya kutia sahihi nimesimama nikaisoma barua hii yote kwa sauti, mashine ya kufulia ikinguruma, mimi nikinguruma zaidi. Miwa sina leo. Nimechukua maji ya mfereji, nikatia kinywani, nikalitaja jina lako na neno ulilolisema la sanduku. Nikapuliza. Kaka, yametoka! Yametoka yote, yamelowesha sakafu na nguo za madam nilizokuwa nimezikunja. Nikasema, "Mghanga na Kato wale, walale salama." Nimewatasia, khalas, yamekwisha. Ukiona wino umechuruzika hapa chini, usijidanganye kuwa ni machozi. Ni hasira yangu, nimekuletea.

Sasa imebaki yako peke yake. Maji ya kwenu ni baridi na hayajaisha. Tia kinywani, kaka, uyateme.

Ni mimi shangazi yake Mghanga,
na bado ni dada yako,

Wakesho