Maji ya Dumu Jekundu

Nasrin na Muzammil, wajukuu zangu,

Samaki yumo chini ya kawa. Mleni kabla paka hajawatangulia.

Asubuhi hii gari lilichemka kabla sijaumaliza mtaa, likarudishwa kwa kusukumwa. Feni inazunguka, na mipira ya maji ni mizima. Lilipopoa nilifungua rejeta, nikaikuta imejaa kutu na chumvi. Tangu bibi yenu aende Fukayosi kumuuguza dada yake, tumekuwa tukiijaza maji ya kisima. Muzammil, usijifiche, hukuambiwa.

Nilimpigia bibi yenu simu, akacheka. “Bwana, kwani mwalinywesha nini gari? Maji yake ni yale ya mvua, kwenye dumu jekundu, miaka yote.” Nami nilidhani ni ya kufulia. Kicheko hicho hakijanitoka masikioni.

Nimeisuuza rejeta mpaka ikatoa maji safi, nikatia yale aliyoyakinga yeye. Sasa nakwenda Fukayosi. ~~Jioni nitarudi naye.~~ Nitamuuliza kama mgonjwa amepata nafuu ya kutosha.

Kuku wafungiwe kabla ya magharibi. Dumu ni tupu. Lirudisheni chini ya mchirizi, pale pale alipoliacha.

Babu yenu