Sentensi Tano za Vitu Vifupi na Vinene

Kijijini, Kongwa
4 Machi 2023

Mwanangu Hilda,

Mbukwa. Habari za huko Ipagala? Kazi inaendaje? Huku hatujambo, isipokuwa mguu wangu.

Usishangae mwandiko huu wa kuku, ni wangu mwenyewe. Hakuna aliyeniandikia. Mwalimu Yotham amestaafu na kukaa bure kumemshinda, basi anatufundisha kisomo kanisani kila Jumatano mchana. Tuko wanawake kumi na mmoja, na mimi ndiye ninayemchosha kuliko wote.

Simu iliungua siku ya radi, ndiyo maana hunipati. Mguu wa kushoto ulichomwa na kisiki cha mtama nikiwa shambani, tangu Januari, na kidonda hakifungi. Daktari amepima, anasema ni sukari. Kidonda kikipanda juu, watakata. Anataka nije na mtoto wangu, atueleze wote wawili, tutie sahihi pamoja. Mtoto ninaye mmoja. Njoo, Hilda. Naogopa.

Mama yako,
Penina


Ipagala, Dodoma
27 Machi 2023

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na Mama Raheli jirani yetu hajambo. Mimi mzima kabisa.

Mama, nimelia kwa furaha! Barua yako nimewaonyesha ofisi nzima. Unajua kazi yangu ni kusahihisha maandishi ya wakubwa, kumbe na nyumbani nina mwandishi. Nimekurudishia barua yako na kalamu nyekundu, usininunie. Makosa ni kumi na manne tu.

Pole na mguu. Osha kwa maji ya chumvi, usitembee peku, na chai ya sukari nyingi uache. Daktari anakutahadharisha tu ili utumie dawa. Bunge la bajeti linaanza sasa, na hapa hakuna ruhusa mpaka Julai. Simu nitakuletea nikija.

Nakupa kazi ya nyumbani. Niandikie sentensi tano za vitu vifupi na vinene, vyovyote unavyoviona hapo kwako. Ukipata zote tano, nakuja mwenyewe na zawadi. Barua mpe Meshack, kondakta wa basi, ataniletea.

Mwanao,
Hilda


Kijijini, Kongwa
30 Mei 2023

Mwanangu Hilda,

Mbukwa. U mzima? Nimechelewa, nilikuwa kitandani. Kazi yako hii hapa.

Mchi wangu wa kutwangia ni mfupi na mnene.
Kigoda cha marehemu baba yako ni kifupi na kinene.
Pembe za ng'ombe wa Raheli ni fupi na nene.
Mguu wangu wa kushoto ni mfupi na mnene.
Vidole vya Mwalimu Yotham ni vifupi na vinene.

Nimeandika polepole. Na wewe soma polepole.

Mama yako,
Penina


Ipagala, Dodoma
19 Juni 2023

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Unaendeleaje? Mimi nipo, nachoka tu na kazi.

Tano kwa tano! Nimekuwekea vema kila mstari, sina hata kosa moja la kukuonea. Hiyo ya mguu imenichekesha sana. Kweli ukoo wetu tumejaliwa miguu ya vibonge, mwenzio viatu virefu kwangu ni adhabu. Na Mwalimu Yotham akijua unamwandika vidole, utafukuzwa shule.

Kidonda bila shaka kimepona, maana safari hii hukukilalamikia. Nashukuru Mungu. Julai nitashindwa kuja, mafundi wanaweka vigae nyumbani na ukiwaacha peke yao wanaharibu. Labda Agosti. Endelea kusoma, Mama, najivunia wewe.

Mwanao,
Hilda


Kijijini, Kongwa
8 Julai 2023

Hilda,

Salamu zako zimefika.

Usije ukasema sikukwambia. Tarehe tisa Mei walinikata mguu, chini ya goti. Raheli ndiye aliyenisindikiza. Daktari akauliza mtoto yuko wapi, nikasema yuko kazini, anasahihisha. Karatasi ya kukubali nikaisoma mwenyewe, neno moja moja, na nesi akanisubiri. Kisha nikaandika jina langu, herufi zote sita. Kisomo nilianza ili nikuandikie wewe. Kumbe nilikuwa najifunza ili nisikuhitaji.

Nilikaa siku nyingi nikitafuta namna ya kukwambia. Kila nikitaka kuandika "wamenikata", mkono unakataa. Halafu nikakumbuka sentensi zako, nikaona pale pana nafasi ya kuuweka. Nikasema mwanangu akifika hapo ataweka kalamu chini, atapanda basi. Siku tatu nilikaa mlangoni kila basi lilipopita.

Uliweka vema. Lile neno "imenichekesha" nililisoma mara nne, nikadhani bado sijui kusoma. Nikampelekea Mwalimu Yotham. Akalisoma, akavua miwani, akanirudishia barua. Niliona aibu kwa ajili yako.

Nina hasira na wewe, Hilda. Kaa na vigae vyako.

Penina


Ipagala, Dodoma
2 Septemba 2023

Mama,

Shikamoo. Hii ni barua yangu ya nne tangu Julai, na zile tatu hujazijibu. Unalalaje? Sukari wamepima?

Siku niliyopata barua yako nilikuja hivyo hivyo na nguo za kazini, unajua. Ulinipa kiti. Ukamwambia Raheli amkorogee mgeni uji. Mgeni, Mama. Nilipiga magoti nikakuomba nikuone mguu, ukavuta kanga ukaufunika, ukasema, "Nimeshakuandikia."

Raheli anasema unaendelea na kisomo, na sasa wenzako wanakuja kwako uwaandikie barua za watoto wao. Nasikia wivu kwa watoto hao.

Sina cha kujitetea. Nilifurahia kuwa na mama anayejua kuandika, nikasahau kuwa una jambo la kuniambia. Nimeacha kazi yote leo ili nikuandikie. Nijibu neno moja tu, hata likiwa tusi.

Mwanao,
Hilda


Nyuma ya bahasha, kwa mwandiko wa Meshack:

Dada Hilda, amelisoma jina lako, akanirudishia.