Kidonge cha Usiku na Kigoda cha Asubuhi

Jumanne, alasiri

Kosa la wengi wetu ni kudhani kwamba mzee halali kwa sababu ya uzee tu. Nami niliamini hivyo siku tisa mfululizo, na leo asubuhi nimempasua mke wangu juu ya jicho.

Alikuwa anatwanga karanga. Kila pigo la mchi lilinigonga kichwani, nikaokota kigoda nikamrushia. Damu ikadondokea karanga. Mungu anisamehe, nilitafuta na cha pili.

Binti yetu Neema, ambaye ni muuguzi, alikuja kumfunga jeraha. Kisha akashika vidonge vyangu vya maumivu ya viungo, nilivyoanza siku hizo tisa zilizopita.

"Baba, hivi unakunywa saa ngapi?"

"Usiku, nikishashiba ugali."

"Basi usingizi utautoa wapi? Hii ni homoni, Baba. Daktari alisema asubuhi."

Ni kweli. Mwili hutoa homoni ya namna hiyo kwa wingi alfajiri ili ituamshe, kisha huipunguza jioni. Mimi nimekuwa nikiimeza usiku, na katika umri huu usingizi wenyewe ni mwepesi. Asiyelala huwa mwepesi wa hasira...

Nilimweleza mke wangu yote hayo taratibu, kama darasani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, kidonge kina mkono?"

Sasa anafungasha nguo zake. Anakwenda kwa Neema, Kizota, na hajasema atarudi lini.

Kuhamishia kidonge asubuhi ni rahisi. Wewe mzee, weka kalamu chini, inuka sasa hivi, kabla bajaji yake haijafika, ukamwombe msamaha, na homoni usizitaje.