Mama Alidhani Niko Bumbire

Jumatano. Jua kali, baridi kali zaidi.

Huku kusini kabisa mwa dunia jua halizami msimu huu, kwa hiyo siku hazina adabu, hazijui kuisha. Meli yetu ndogo imetulia katikati ya barafu. Wageni wako nje wanapiga picha pengwini. Watu wazima wameacha vitanda vyao vya joto waje kutetemeka kwa raha. Mimi ninawatandikia vitanda hivyo.

Mama yangu alifariki jana, nyumbani Buganguzi.

Hakuna njia ya kutoka hapa. Meli itafika bandarini wiki ijayo, na Mama anazikwa kesho kibanjani, kwenye migomba yetu, kando ya Baba. Nimejikaza kisabuni mbele ya wageni, halafu nimelia ndani ya shuka zao chafu.

Kinachoniumiza zaidi ni neno moja. Nilipopata kazi hii nilimwambia Mama kwa Kihaya kwamba nitakuwa kwenye enyanja. Kwetu bahari ni enyanja, na ziwa letu nalo ni enyanja. Mama hakuwahi kuiona bahari. Akajua niko ziwani, kisiwani Bumbire kwa wavuvi, mahali ambapo mtu akipanda boti asubuhi, jioni anakula nyumbani.

Mdogo wangu Jesca ndiye kanieleza leo kwenye simu. Mama alipozidiwa aliulizia boti kila siku. Jesca alimwambia niko mbali, mbali kuliko Ulaya. Mama aliitikia tu, kisha akauliza kama upepo umepungua. Alikuwa ananitetea kwa upepo.

Juzi wakaja jamaa zetu wa Bumbire kumwona mgonjwa. Mama aliwasalimu, akawa anaangalia mlangoni, nyuma yao.

"Kumbe ziwa limetulia," akamwambia Jesca. "Basi mwacheni jamani, waitu. Labda anaogopa kuniona hivi."

Sikuogopa, Mama.

Jesca anataka nitume sauti, waiweke karibu na jeneza kabla ya kuzika. Nimerekodi na kufuta, nimerekodi na kufuta. Kila mara najikuta naeleza barafu, ramani, umbali. Nani anamweleza marehemu ramani?

Sasa nafunga mlango wa chumba namba saba, narekodi tena, kwa Kihaya, na safari hii sifuti. Nasema tu: Mama, nilitaka kuja.